Siku Mjerumani Aliteka Kisii Town: Stori ya Bosongo Ambayo Shule Ilikuruka

Kama umewahi kushuka mat Kisii Town saa kumi jioni, kuna vitu mbili unajua tayari. Ya kwanza, mvua itakupata, hata kama asubuhi jua lilikuwa linachoma. Ya pili, huu mji hauna mahali tambarare. Ukitoka steji unapanda. Ukienda hospitali unapanda. Ukishuka Daraja Mbili kununua ndizi unateremka ukiwa umeshika ukuta, matope kwa viatu, na nyuma yako kuna msee wa nduthi anapiga honi kama mtu amemdai.

Sasa swali. Nani alikaa chini akaamua mji ukae hapo? Kwa nini isiwe Suneka, penye angalau palipatikana nafasi ya kuweka kiwanja cha ndege?

Mimi ni wa huku, upande wa Nyamira, na hiyo swali ilinijia nikiwa na miaka 24. Koleji niliacha mwaka wa pili juu ya karo, hiyo ni stori ya siku ingine, lakini fomu foo nilimaliza na historia nilipita vizuri tu. Tulifunzwa Bismarck. Tulifunzwa ule mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885, mpaka nikaota nao. Lakini hakuna siku mwalimu alisimama mbele ya darasa akasema, "Nyinyi, jeshi la Ujerumani liliwahi kuingia hapo Kisii Town, hapo tu mnapanda matatu, na likaiteka." Hakuna. Nilikuja kujua mwenyewe, na nikaudhika.

So leo tunaenda taratibu. Chukua chai, hiyo ni yetu.

Tuanze na majina, juu huu mji uko nayo matatu na kila moja linasema kitu tofauti. Kwa ramani ni Kisii. Kwa wazee ni Getembe, jina la hapo mahali kabla mtu yeyote ajenge ofisi. Na ukipanda mat ya kutoka Keroka, makanga hatakuambia Kisii wala Getembe, atapiga kelele "Bosongo! Bosongo!" Wewe unaingia, unalipa, unashuka. Umewahi kujiuliza Bosongo ni nini? Abasongo ni wazungu. Bosongo ni kwa wazungu. Yaani zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru, bado tunasema tunaenda kwa wazungu kununua sukuma na kuchaji simu. Na hiyo jina haikuanza kama mzaha.

Hebu tuangalie mahali penyewe kwanza. Ziwa Victoria liko kama mita 1,130 juu ya bahari. Kisii Town iko karibu mita 1,700. Ukiendelea kupanda kuelekea Nyamira kuna milima inapita mita 2,000. Kwa hivyo kutoka ziwani hadi kwetu unapanda zaidi ya nusu kilomita kwenda juu, na safari yenyewe si ndefu. Hapo ndipo mvua ya saa kumi inatoka. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yenye unyevu inavutwa kutoka ziwani, inafika kwa milima yetu, inalazimika kupanda, inapoa, na inamwaga kila kitu alasiri. Wakati mwingine inamwaga na mawe. Radi zake unazijua, ile ya kupiga mpaka kuku wananyamaza. Mtu wa Machakos akiambiwa huku hakuna kiangazi cha maana anadhani unamringia. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na udongo ni ule mwekundu, mzito, ukitupa mbegu ya papai kwa dirisha unapata mti.

Milima yenyewe ni mawe magumu yaliyobaki wakati mengine yakiliwa na maji na miaka. Mkuu wao ni Manga, ule ukingo mrefu uko Nyamira ukiangalia Kisii. Ukisimama juu siku iko wazi unaona mji wote chini kama vibiriti, na upande ule mwingine unaona tambarare za Kano hadi maji ya ziwa. Huko kuna shimo linaitwa Engoro ya Mwaga, wazee walikuwa wanalichukulia kama mahali pa mizimu, na mpaka leo watu hupanda Manga kuomba. Mto Gucha unaanzia upande wetu wa Nyamira, unapita Kisii, unashuka Migori, unaingia ziwani. Kusini, Tabaka, ndipo kuna lile jiwe laini linachongwa vinyago vile huuzwa mpaka Nairobi na ng'ambo. Katikati ya hayo yote, kwa mteremko, na kamto kanaitwa Nyakomisaro kakipita chini yake, ndipo Getembe.

Na watu? Abagusii tulikuja hapa tukifukuzwa na kufukuza. Simulizi zinasema tulitoka tambarare za Kano, tukajaribu Kabianga, huko mazao yakakataa na mifugo ikafa, tukaingia kwa hii milima ndio tupumue. Ndio maana ukiangalia ramani ya lugha sisi ni kisiwa: Waluo chini, Wakipsigis juu, Wamaasai kusini mashariki, Wakuria kule mpakani. Mlima ulikuwa ukuta wetu. Mwishoni mwa karne ya 19 Wakipsigis walijaribu kuuvuka na nguvu zote, wakakutana na vijana wa huku kwa mto Charachani, upande wa Nyamira. Hiyo vita tunaiita Saosao na wenzetu wanaiita Mogori. Waliumia vibaya sana. Baada ya hapo mtu angedhani hakuna anayeweza kuingia hii milima bila ruhusa.

Halafu kuna Sakawa. Huyu alikuwa nabii, mganga, mtu wa kuona mbele. Wazee husimulia kwamba kabla wazungu wafike, Sakawa alikusanya watu pale Getembe akawaonyesha: hapa kutajengwa nyumba ya askari, hapa ya wagonjwa, hapa watoto watafunzwa. Watu weupe watakuja, watawanyang'anya mikuki. Kisha akapotea, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na wengine wakakataa kuamini amekufa, wakasema atarudi. Unaweza kuamini ama usiamini, hiyo ni yako. Mimi nachosema ni kwamba hii ni stori ya watu wanaojaribu kueleza kitu kilichowashinda nguvu. Kama mji ulijengwa na adui lakini nabii wetu alishauona, basi bado ni wetu kidogo.

Sasa ingia Mwingereza. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Mwaka uliofuata, 1902, hii sehemu yote ambayo ilikuwa inahesabiwa chini ya Uganda ikahamishiwa upande wa Kenya, kwa kalamu tu, bila mtu wa Kitutu kuulizwa. Huku kusini serikali ikaweka ofisi Karungu, kando ya ziwa. Sasa ukijua Karungu unajua joto lake na mbu wake, na miaka hiyo ugonjwa wa malale ulikuwa unamaliza watu kando ya ziwa.

Hapa nisimame kidogo nikupeleke Ulaya. Ujerumani kuna miji midogo mingi ambayo jina linaanza na Bad. Usicheke, si mbaya ya Kiingereza, kwa Kijerumani ni mahali pa kuoga. Miji hiyo imekua kwa sababu moja tu: kuna maji ya chemchemi yenye madini, mara nyingi iko karibu na milima, hewa ni safi, na mtu mwenye pesa akiugua anaenda kukaa huko wiki tatu. Wazungu wa wakati huo waliamini sana mambo ya hewa na mwinuko. Wakifika Afrika, joto na mbu ya bondeni viliwatisha kuliko simba. Angalia mahali walipopenda kukaa Kenya: Limuru, Kericho, Nanyuki. Juu, baridi, mvua. So mtu amekaa Karungu anatokwa jasho, anaangalia mashariki anaona milima ya kijani yenye mawingu kila jioni. Na kwa hiyo milima kuna watu wengi sana ambao hawajaanza kulipa kodi ya nyumba. Hapo sasa unaelewa kwa nini Getembe. Hewa na kodi, zote zinapatikana mahali pamoja.

Lakini huwezi tu kupanda ukaweka meza. 1905 walipanda na bunduki kwanza. Kikosi cha wanajeshi wa King's African Rifles na polisi kililetwa "kuwaadhibu" Abagusii. Vijana wa huku walikuwa na mikuki na ngao na mbinu iliyowashinda Wakipsigis: mnakimbia pamoja, mnamfikia adui kabla apumue. Wakaikimbilia bunduki ya Maxim. Sitaipamba. Mamia walianguka. Ni mwaka ule ule, Oktoba, ambao kule Nandi Koitalel arap Samoei aliuawa alipoenda kuonana na Meinertzhagen. Hao jamaa walikuwa na ratiba.

1907 ndipo afisa kijana anaitwa Geoffry Northcote akaletwa kufungua kituo chenyewe. Watu wakamwita Nyarigoti, juu Northcote ilikuwa inavunja meno. Kazi yake ilikuwa kodi, vibarua, na ng'ombe. Hasa ng'ombe. Kwa Omogusii wa wakati huo ng'ombe ndio benki, ndio mahari, ndio jina lako mbele za watu. Ukichukua ng'ombe za mtu umemaliza watoto wake.

Kitutu kulikuwa na mama anaitwa Moraa Ng'iti, nabii na mganga mwenye kuheshimiwa. Moraa alichoka. Simulizi zinamuonyesha akizunguka akiwachoma wanaume kwa maneno, kwamba kama wanaogopa wavue ngao wavae nguo za wanawake, wanawake wataenda vitani. Kuna kijana wa familia yake alisikia hayo maneno yakamkaa kwa roho: Otenyo Nyamaterere. Januari 1908, Northcote akiwa njiani, Otenyo alimvizia akamrushia mkuki. Ukaingia mgongoni. Wakadhani amekufa, na habari ikakimbia kwa milima haraka kuliko mtandao wa sai.

Northcote hakufa. Na hapo ndipo mambo yaliharibika.

Jeshi lilirudi. Mara hii hawakuwa wanatafuta mtu mmoja, walichoma nyumba kijiji hadi kijiji, wakachukua ng'ombe kwa maelfu, wakaua watu ambao hata hawakujua Otenyo ni nani. Ilikuwa mbaya mpaka Winston Churchill, ndiyo, yule yule, ambaye wakati huo alikuwa naibu wa waziri wa makoloni na alikuwa ametoka kutembea huku miezi michache nyuma, aliandika kutoka London akilalamika kwamba mauaji yamezidi. Ukiona Churchill anakuambia umezidi, umezidi.

Otenyo alishikwa. Wazee husimulia kwamba alipigwa risasi mbele ya watu hapo mjini, mahali ambapo leo ni Gusii Stadium, kisha kichwa kikakatwa kikapelekwa Uingereza. Kuna watu wa jamii yake na wazee wa Gusii ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakidai kirudishwe kizikwe kama inavyotakiwa. Kwetu mtu hazikwi nusu.

Na Northcote? Alipona, akapanda vyeo. Mwaka wa 1937 akawa gavana wa Hong Kong, akakaa hadi 1941, akaitwa Sir. Huko Hong Kong kulikuwa na chuo cha walimu kilichopewa jina lake. Otenyo hajawahi kupata chuo.

Sawa. Sasa ile siku nilikuahidi.

Agosti 1914 vita vinaanza Ulaya. Unaweza kusema, sasa mambo ya Ulaya yanahusu Kitutu aje? Yanahusu hivi: Tanzania bara ilikuwa ya Mjerumani. Mpaka, ule mstari ulichorwa na rula miaka ya 1880 na 1890, ulikuwa hapo Isebania, chini ya kilomita 100 kutoka Getembe. Mjerumani alikuwa Mwanza na Shirati. Mwingereza alikuwa na reli na bandari Kisumu. Na katikati, kwa mlima, kulikuwa na kituo kidogo chenye ofisi, maduka machache ya Wahindi, na askari wa kuhesabika.

Septemba, kikosi cha Wajerumani kinavuka mpaka. Mkubwa wao ni kapteni Bock von Wülfingen. Usifikirie ni wazungu tupu. Wengi walikuwa askari Waafrika kutoka Tanganyika, wakiwa na bunduki za rashasha na mzinga mdogo. Maafisa wa Kiingereza wa Kisii waliposikia kinachokuja walifanya kile mimi na wewe tungefanya. Walihepa. Wakateremka kuelekea Kendu Bay. Septemba 11, Mjerumani akaingia Kisii bila kupigana. Akakaa.

Kesho yake, Septemba 12, KAR waliokuwa wameletwa kutoka Kisumu kwa meli mpaka Kendu wakafika kwa vilima juu ya mji wakaanza kupiga chini. Wajerumani walishtuka kwanza, kisha wakapanga watu, wakajibu. Siku nzima risasi zinapita juu ya Getembe. Kapteni Thorneycroft wa upande wa Waingereza akauawa. Wajerumani nao wakapoteza maafisa wengi. Jioni risasi zinaisha, giza linaingia, na sasa sikiza hii: wote wawili waliondoka. Waingereza walirudi nyuma wakidhani hawajaweza. Wajerumani usiku huo huo wakafunga mizigo wakarudi mpakani wakidhani jeshi lingine linakuja, wakaacha hata baadhi ya majeruhi wao. Ni kama mechi ambayo timu zote mbili zimetoka uwanjani dakika ya 80 na refa amebaki na mpira.

Sasa jiweke kwa viatu vya kijana wa Nyaribari amesimama kwa kilima akiangalia. Miaka tisa umeambiwa huyu mtu mweupe hashindwi. Jana umemuona akikimbia. Leo umewaona wawili wanapigana, na wote wamekimbia. Ofisi iko wazi. Duka liko wazi. Ofisi ambayo daftari la kodi linakaa iko wazi.

Walichukua kila kitu. Mji uliporwa, na misheni za karibu zikaporwa pia, ile ya Wakatoliki ya Nyabururu na ile ya Wasabato ya Nyanchwa, ambazo zote zilikuwa na miaka michache tu tangu zifunguliwe. Ukisoma jinsi Waingereza walivyoandika wanasema ni tamaa. Mimi sikubali. Ukinyang'anywa ng'ombe 1905 na tena 1908, siku mlango ukifunguka huulizi bei ya kiti.

Malipo yalikuja haraka. Waingereza walirudi na adhabu: nyumba zikachomwa, ng'ombe zikachukuliwa tena. Kisha vijana kwa wingi wakasombwa kwenda kubeba mizigo ya vita Tanganyika, ile Carrier Corps. Ukiwa Nairobi ukipita Kariakor, hiyo ndiyo hiyo, jina ni lile lile limevunjwavunjwa. Wengi hawakurudi, na hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara, homa na njaa.

Miaka hiyo hiyo ndiyo dini ya Mumbo ilipanda kutoka Luoland. Mwaka wa 1913 huko Alego Onyango Dunde alisema amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani akatemwa na ujumbe: wazungu wataondoka, rudini kwa mambo yenu. Ilifika Gusii ikakuta watu wameona kwa macho mzungu akikimbia, na ikaungana na ile habari ya Sakawa atarudi. Serikali ilikasirika mpaka ikawahamisha viongozi wengine hadi Lamu. Lamu! Mtu wa milima, wa mvua ya kila siku, anapelekwa kukaa mchangani.

Baada ya hapo mji ulianza kukaa kama tunavyoujua. Hospitali kuu, ile tunaita Level 5, ilianza 1916 kama kituo cha kutibu wanajeshi wa Kiingereza. Yaani kila mtu amezaliwa hapo amezaliwa kwa kitu kilichoachwa na ile vita. Ukienda mtaa wa Nubia, wale ni wajukuu wa askari wenye asili ya Sudan walioletwa na jeshi hilo hilo, wakaachwa hapo, na wengi wamekaa Kisii vizazi kadhaa kuliko hata baadhi yetu tunaojiita wenyeji wa tauni. Wahindi walifungua tena maduka. Miaka ya 1930, wakati Waafrika sehemu nyingi za Kenya walikuwa bado wanakatazwa kupanda kahawa, Kisii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuruhusiwa, pamoja na Meru na Embu. Pesa ya kahawa, kisha chai na pareto, ndiyo ilijenga shule, na shule ndizo zilijenga wale maprofesa wote tunaringa nao.

Kwa muda mrefu Bosongo ilikuwa makao ya wilaya yote ya South Kavirondo. Mluo wa Homa Bay na Mkuria wa Isebania wote walipanda hapa kwa kesi. Karibu na uhuru Gusii ikakatwa ikawa wilaya yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Nyamira ikatolewa kwa Kisii. 2013 zote zikawa kaunti zenye magavana. Na kila kukata huacha kovu. Nenda Keroka uone. Soko moja, barabara moja, mpaka wa kaunti unapita katikati, na kwa miaka wenye biashara wamelia kwamba watu wa ushuru wanakuja kutoka pande zote mbili. Mama mmoja anauza nyanya, anafuatwa na Kisii, anafuatwa na Nyamira. Mistari ya kuchorwa ofisini hatujamaliza nayo, tumebadilisha tu wenye kalamu.

Na sasa huo mlima uliotulinda umejaa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ni karibu watu 960 kwa kila kilomita mraba, na hiyo ni mahali pa mashamba, si magorofa. Mji wenyewe ulikuwa na zaidi ya watu 112,000. Babu yangu, sokoro, aligawa shamba kwa wana saba, na kipande alichopata mzee wangu ukisimama mwisho mmoja unasikia mtu akikohoa mwisho ule mwingine. Mimi na ndugu zangu hatujaanza hiyo mjadala na sitaki kuwa nyumbani siku itaanza. Ndio maana wasee wanashuka Bosongo, wanajenga kwa mteremko juu ya mteremko, gorofa nane mahali maji yalikuwa yanapita, na Nyakomisaro kule chini inabeba uchafu wa wote. Kituo kilichopangwa kwa maafisa wachache wanaotafuta hewa safi sasa kinabeba sisi sote, na barabara kubwa bado ni zile zile zinazobanana hapo raundabauti ya Capital.

Siku utashuka huku, usikimbilie ndizi kwanza. Ngoja Shabana wawe wanacheza nyumbani. Timu ilianzishwa 1980 na jina la duka la vifaa vya ujenzi, ikashuka ligi kuu 2006, ikakaa nje miaka 17, ikarudi 2023, na siku ya mechi Gusii Stadium inatetemeka mpaka unaisikia ukiwa hospitali. Tore Bobe! Ingia, lipa, tafuta mahali juu. Ukiangalia kaskazini unaona Manga. Vilima vilivyo karibu ndivyo KAR walipigia risasi kuteremka mjini. Na pale chini penye mpira ndipo wazee wanasema Otenyo alisimamishwa. Nilimuuliza mzee mmoja aliyekaa kando yangu, amevaa jezi juu ya koti, kama anajua hiyo stori. Akasema anaijua, alipewa na mamake. Kisha akaniuliza kama mimi naijua jina la yule aliyepiga risasi. Sikuwa nalo. Akacheka, akasema, "Ona, lao limepotea, la Otenyo bado liko," akarudi kwa mpira, na mvua ikaanza.